Magauni Mawili, Karani Mmoja

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi Simu, binti anayetengeneza simu, amesimama katika duka la kukodisha magauni ya harusi, nusu amevaa, nusu hajavaa, mkononi ameshika kadi isiyomhusu. Tumrudie haraka. Ameshasimama pale siku saba, miguu imemuuma.

Kadi yenyewe ilifungwa kwa uzi kwenye kitundikio cha gauni la pili, nyuma ya mlango, gauni lenyewe halipo. Mama Shela, mwenye duka, ana utaratibu wake. Kila gauni lililoshikwa linafungiwa kadi: anayelikodi ni nani, siku gani, saa ngapi, kifua, kiuno, urefu. Chini kabisa anayelikodi anatia sahihi, kwa sababu Mama Shela alishachoshwa na watu wanaobadili mawazo Ijumaa jioni.

Kadi ilisema hivi: Karani wa ofisi ya viwanja. Jumamosi. Saa kumi. Kiuno, inchi arobaini na moja.

Kiuno cha Fundi Simu ni inchi ishirini na nane, tena akiwa ameshiba.

Na sahihi ilikuwa ile ile ya mchumba wake, yenye mkia uliozunguka mara tatu kama nzi aliyeanguka kwenye wino akajikokota kutoka. Sahihi kubwa kama nini! Ungedhani mwenye nayo ni mtu wa maana.

Hebu niwakumbushe huyo mwenye sahihi. Karani ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na maishani mwake hajawahi kuamua jambo lolote. Akiulizwa chai au kahawa, anauliza wengine wanakunywa nini. Alikwenda kibandani kwa Fundi Simu mara kumi na moja na simu isiyoharibika, na mara zote kumi na moja akashindwa kusema alichofuata. Mwishowe ni Fundi mwenyewe aliyemwambia, "Kaa hapo kwenye kigoda, unanipenda, basi yaishe."

Akakaa. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha anakuja na mwavuli, anausimamisha juu ya meza ya Fundi ili vyuma vyake vidogo visilowe, yeye mwenyewe mgongo unachuruzika maji. Kwa hilo alipendwa. Ni ukweli, hata kama unaudhi.

Ila Fundi Simu alimwekea sharti moja. "Harusi yetu tutaiamua mimi na wewe. Mama yako ataambiwa, hatatuambia. Siku nikigundua umeniruka, sina harusi."

"Sawa," Karani alisema.

Sawa ya Karani! Inamtoka kama kikohozi.

Sasa Fundi Simu yuko na kadi mkononi, kichwa kinapiga hesabu ya inchi arobaini na moja. Ni nani? Yule wa dirisha la risiti? Yule jirani anayemwita Karani "kaka" kwa sauti ya puani? Kwa mikono ile inayookota skrubu ndogo kama yai la chawa, aliigeuza kadi mara tatu akitafuta jina la bibi harusi.

Ndipo sauti ya kike ikasikika nyuma ya pazia la chumba cha pili.

"Kaza! Bado napumua."

Fundi Simu hakubisha hodi. Alilikamata pazia akalivuta mpaka pete tatu zikatoka kwenye waya.

Mbele ya kioo alisimama mama mkwe wake mtarajiwa.

Ndiyo, yeye! Mwalimu Mkuu mstaafu, aliyeongoza shule miaka ishirini na mitano, akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, na bado hajaacha kuongoza. Amevaa gauni jeupe. Mikono ya gauni imefura kama mito ya kulalia, shanga zimejaa kifuani, shela inaburuta mpaka chini, na miwani ya kusomea iko puani. Nyuma yake Mama Shela amepiga magoti, pini nne mdomoni.

"Shikamoo, mama," Fundi Simu alisema. Adabu ilimtoka yenyewe, hakuwa ameipanga.

"Marahaba. Rudisha pazia, upepo unaingia."

"Mama, hili ni gauni la harusi."

"Naliona. Nimevaa miwani."

"Ni jeupe!"

"Ulitaka niolewe na la kaki?"

Fundi Simu hakulisikia neno lile. Hasira zilikuwa zimemziba masikio. Angelisikia, tungemaliza mapema na kila mtu angekwenda zake kula.

"Mama Shela," akamgeukia mwenye duka, "na wewe unamshonea?"

Mama Shela alitema pini kiganjani. "Mwanangu, mimi nafuata kadi. Zipu imekataa, nami zipu ikikataa siendi kubishana nayo. Naiacha wazi, naweka kitambaa, napiga bandi, mishono ya kushikiza tu, papo hapo mwilini kwa uzi wa mara mbili. Ukishaingia umeingia, kama unga kwenye gunia. Kutoka ni kwa mkasi."

"Basi lete mkasi."

"Thubutu!" Mwalimu Mkuu alisema. Alimtazama Fundi Simu kuanzia kichwani, akateremka polepole, akakomea kwenye vifungo vya ubavuni ambavyo havijafungwa. "Na ninyi ni lini hasa? Maana sijaletewa habari."

Wasomaji, hebu fikirini. Mwanamke anavaa nyeupe kwa ajili ya harusi yako, kisha anakuuliza harusi yako ni lini! Fundi Simu aliona dharau ya mwaka. Damu ilimpanda mpaka kwenye ncha za masikio.

"Mama, hilo gauni nani kakuchukulia?"

"Mwanangu. Muulize mwenyewe. Sahihi unaijua."

Hapo ndipo palipomchoma. Si gauni. Mwanamke mzima akitaka kujifunga kitambaa cheupe ni shauri lake na mbavu zake. Lakini Karani alijua! Alitia sahihi, akaja kibandani, akakaa kwenye kigoda, akasema sawa.

Akapiga simu.

"Haloo mpenzi," Karani alipokea, "nina watu dirishani..."

"Njoo kwa Mama Shela."

"Sasa hivi? Labda tuseme saa..."

"Sasa hivi."

Dakika kumi na mbili baadaye mlango ulifunguliwa, Karani akaingia na faili kwapani. Alimwona mchumba wake katika gauni jeupe. Alimwona mama yake katika gauni jeupe. Mtu mwenye akili angerudi nje aanze upya. Karani alinyoosha tai yake.

"Shikamoo mama. Aisee. Mmependeza. Wote wawili."

Mama Shela aliinamia sindano yake ili asionekane uso.

"Karani," Fundi Simu alisema kwa upole uliotisha, "nakuuliza jambo moja. Jumamosi saa kumi mimi naingia ukumbini. Mama yako anaingia hivi alivyo?"

Karani alimtazama mama yake. Akatazama faili. Akatazama sanamu ya dukani, ile isiyo na kichwa, labda ingemsaidia.

"Jambo hili," alisema, "lina pande mbili."

"Sikukuuliza pande. Sema 'mama, vua' au sema 'mama, vaa'. Chagua moja, niondoke nikiwa najua."

"Nadhani tungekaa chini..."

"Mimi siwezi kukaa," Mwalimu Mkuu alisema. "Nimeshonwa."

"Au tungesema, mmoja avae nyeupe kabisa, na mwingine avae nyeupe iliyofifia kidogo..."

"Iliyofifia nani?" Wanawake wote wawili waliuliza kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza waliloafikiana tangu wajuane.

Karani alianza kutoa jasho. Jasho lake nalo halikuwa na uamuzi, lilianzia paji la uso, likasita kwenye nyusi.

Fundi Simu alimwonyesha kadi. "Hii ni sahihi yako?"

"Inafanana."

"Karani!"

"Ni yangu. Lakini sikumbuki kadi yenyewe. Mama ananiletea karatasi zake nyingi, za pensheni, za maji, za chama cha wastaafu. Anaweka kialama cha penseli pale pa kutia sahihi. Mimi natia."

"Bila kusoma?"

"Pana kialama."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba jua linawaka mchana. Na kwa kweli ofisini kwao ndivyo wanavyofanya. Karatasi inakuja na kialama, kalamu inashuka, muhuri unafuata, aliyeleta anashukuru. Watu wamepewa viwanja katikati ya mto kwa mtindo huo.

Fundi Simu akaenda mezani kwa Mama Shela, akaichukua kadi yake mwenyewe, ile ya kiuno ishirini na nane. Akaigeuza. Akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa za wazi, anazoandikia kwenye bahasha za simu za wateja. Kisha akachukua penseli ya kuchorea vitambaa, akaweka kialama kidogo, akamsogezea Karani pamoja na kalamu.

"Tia sahihi hapo."

Hakuficha maandishi. Hakuyafunika kwa kidole. Karatasi ilikuwa imelala mezani, mchana kweupe, dirisha liko wazi. Mama Shela aliyekuwa mbali aliisoma na akashika kifua.

Soma, mwanamume wewe! Macho mawili umepewa ya nini?

Karani aliona watu wametulia. Aliona ugomvi umegeuka karatasi, na karatasi anaziweza. Uso wake ulipata nafuu. Akainama, akaweka kalamu kwenye kialama, akauzungusha ule mkia mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Haya," alisema, karibu achekelee. "Tumemaliza?"

"Tumemaliza," Fundi Simu alisema. "Mama Shela, msomee. Mwenyewe hana muda."

Mama Shela alisoma neno moja moja. "Harusi yangu na Fundi Simu imefutwa kwa ridhaa yangu mwenyewe."

Faili lilimtoka Karani kwapani. Karatasi zilitapakaa sakafuni, kila moja na kialama chake.

"Hapana, subiri, mimi sikujua!"

"Ndivyo nilivyotaka kuona. Kama ungejua."

Sasa lililofuata hakuna aliyelitegemea. Mwalimu Mkuu alisogeza miwani puani. Alimsogelea mwanawe taratibu, gauni likilia kila hatua, akaokota kadi mezani, akaisoma yote, nukta mpaka nukta.

"Hivi ndivyo unavyotia sahihi?"

"Mama, nilidhani..."

"Na zangu? Zile zote nilizokuletea mezani? Hukuzisoma?"

Karani alitazama viatu vyake.

"Nimefundisha watoto wa watu elfu nne kusoma," mama yake alisema. "Elfu nne! Mmoja alikuwa haoni vizuri jicho la kushoto, akasoma. Wangu mwenyewe ananitazama na digrii yake, hasomi kadi ya mistari miwili!"

Fundi Simu aligeuka. Kulikuwa na kitu katika sauti ile. Mwalimu Mkuu hakuwa akigombeza. Alikuwa ameogopa.

"Mama, zilikuwa karatasi gani?"

Mama mtu alishusha pumzi, kiasi alichoruhusiwa na uzi wa mara mbili.

"Mwanangu, mimi sikuja hapa kuvaa nyeupe kwenye harusi yako. Nimekuja kuvaa kwenye ya kwangu."

"Ya kwako?"

"Naolewa. Jumamosi, saa kumi. Nilimwambia huyu mwezi wa pili. Alikuwa anatazama mpira. Nikasema, mwanangu, nimepata mwenzangu, naolewa. Akasema sawa mama. Nikasema, una neno? Akasema sawa mama. Nikamletea karatasi ya ukumbi na ya msajili wa ndoa, kwamba saa yenu mtuachie sisi, ninyi mtapanga nyingine. Akatia sahihi zote mbili, akaniuliza kama kuna chai." Alimtazama Fundi Simu, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakumsahihisha. "Nikajua mmekubaliana. Ndiyo maana nimekuuliza, ninyi ni lini."

Fundi Simu alitafuta pa kukaa, akakosa, akakalia boksi la mashela.

Kumbe hakufichwa, hakuchezewa. Harusi yake ilitolewa kwa mtu mwingine na mwanamume asiyejua kama ameitoa! Usaliti angeuelewa, usaliti una mipango. Huu ulikuwa uzembe mtupu, umenyooshwa kwa pasi ukafungwa tai.

"Saa kumi ni yetu," Karani alisema ghafla.

Wote wakamgeukia.

Alikuwa amesimama katikati ya karatasi zake, rangi imemtoka, lakini kinywa kilikuwa chake. "Mama, hongera. Lakini saa kumi ni yetu. Nitakwenda kwa msajili mwenyewe. Sasa hivi."

Mama Shela aliacha uzi. Miaka thelathini na minne, jamani, na hatimaye limemtoka.

"Yenu na nani?" Fundi Simu aliuliza.

Aliikunja kadi iliyotiwa sahihi, akaipachika kifuani mwa gauni. "Mimi nina karatasi inayosema sina harusi. Mama, huyo bwana yako yuko wapi?"

"Yuko nje kwenye gari. Anaona haya kuingia duka la wanawake. Unamtakia nini?"

"Nataka nimwone mtu aliyechukua saa yangu. Labda yeye amesoma alichotia sahihi."

Akakusanya mkia wa gauni, akatoka.

Mtaani watu walisimama. Muuza magazeti aliacha kutoa chenji. Mbele ya duka, chini ya kivuli cha ukuta, palikuwa na gari la kijani lenye mlango mmoja wa rangi tofauti. Fundi Simu aliuona mlango ule, akapunguza mwendo. Magari ya kijani yako mengi. Lakini mlango ule?

Aliinama dirishani.

Kwenye usukani alikaa baba yake mzazi.

Mpiga rangi wa magari, mgane wa miaka sita, ambaye asubuhi ile aliaga nyumbani kwamba anakwenda kunyolewa. Na kweli alikuwa amenyolewa. Alikuwa amevaa suti kwa majaribio ya Jumamosi, ua kifuani, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani.

"Baba!"

"Mwanangu," mzee alisema bila kugeuza shingo. "Nilitaka kukwambia Jumapili."

"Harusi ni Jumamosi!"

"Ndiyo. Nilitaka iwe imeshapita."

Fundi Simu alifungua mlango wa rangi tofauti, akajirundika ndani pamoja na lesi yake yote, ili amtazame usoni. Mama mkwe anakuwa mama wa kambo. Mchumba anakuwa kaka. Akili yake, iliyozoea kufuata nyaya ndogo mpaka kwenye hitilafu, ilifika hapo ikazima.

"Unampenda?" aliuliza.

"Sana. Ananisahihisha hata nikikohoa, na sijawahi kuwa na furaha hivi." Mzee alilinyoosha ua la kifuani. "Lakini nimekaa hapa saa nzima, mwanangu. Nimewasha gari mara tatu nikimbie, nikazima mara tatu."

"Sasa hivi linaunguruma."

"Hii ni ya nne," baba yake alisema, na akaingiza gia.

Gari liliruka. Muuza magazeti alipiga kelele. Ndani ya dakika ile moja, mbele ya macho ya mtaa mzima, gari la kijani liliondoka limembeba bibi harusi wa mtoto na bwana harusi wa mama.

Fundi Simu alitazama kwenye kioo cha pembeni. Mwalimu Mkuu alikuwa ametoka mlangoni, bandi zimeachia mgongoni, shela imeshikwa na komeo. Hakupiga kelele. Alisimama tu na miwani mkononi, kama mtu anayehesabu wanafunzi na kukuta mmoja hayupo.

Na katikati ya barabara, bila faili, kiatu kimoja kimempotea, Karani alikuwa anakimbia. Tai imemkaa begani. Alimpita mama yake bila kumtazama. Hakuuliza njia, hakuuliza mtu, alikimbia tu kama mwizi aliyeibiwa, akapiga kisigino kwenye jiwe, akachechemea, akaendelea.

Kwenye taa za njia panda baba mtu alipunguza mwendo.

"Mwanangu, niambie upesi. Nikanyage breki au nikanyage mafuta?"

Taa ilikuwa ya njano. Karani alibakisha hatua ishirini, mkono ameunyoosha.

Na Fundi Simu, aliyekuwa akiwadai watu neno moja tangu adhuhuri, alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena, na taa ikabadilika.